Rangi ya Baba kwenye Monita ya Chogo

Siku mama alipofunguliwa bandeji ya jicho la pili, alikaa sebuleni kwake, akatazama ukutani kwa muda mrefu, kisha akaniuliza yule mwanaume mwekundu tuliyemtundika pale ni nani.

Yule mwanaume mwekundu alikuwa mumewe. Picha niliitengeneza mimi, ofisini kwangu, kwa mikono yangu, na kwa miaka kadhaa mama alikuwa akiitazama kila asubuhi baada ya kuswali bila kulalamika hata mara moja. Yeye alikuwa na mtoto wa jicho. Mimi sikuwa na ugonjwa wowote wa macho, na hapo ndipo penye aibu yangu.

Nianze na hiyo ofisi. Ni chumba kimoja Lushoto mjini, kina kaunta, mashine ya kutolea kopi, printa, na kiti cha kupigia picha za pasipoti chenye shuka la bluu nyuma yake. Ubao wa nje unasema tunachapa, tunatoa kopi, na tunatoa picha papo hapo. Hiyo "papo hapo" niliiandika nikiwa bado kijana mwenye matumaini.

Kompyuta yangu ya kwanza niliinunua kwa fundi aliyeitoa kwenye ofisi moja ya Tanga iliyokuwa ikitupa vitu vyake vya zamani. Ilikuja na monita ya chogo, ile yenye kisogo kirefu kama televisheni za wazazi wetu, nzito kiasi kwamba meza ilianza kubonyea katikati wiki ya kwanza. Niliipenda sana. Mtu akiingia anaiona kabla hajaniona mimi, na heshima inaanzia hapo.

Kasoro yake ilikuwa moja, au ndivyo nilivyodhani. Ilikuwa inapepesa. Ukiikazia macho huoni kitu, lakini ukigeuka kutazama kalenda ukutani, kwa pembe ya jicho unaiona inapepesa bila kupumzika. Ikifika saa tisa alasiri kichwa kinaniuma hadi kwenye meno. Nilidhani ni njaa, nikawa nakula vizuri mchana, nikanenepa na kichwa kikaendelea kuuma. Jirani yangu mmoja akanishauri nisomewe dua. Nilisomewa, nikapata utulivu wa moyo, lakini kichwa hakikuhusika.

Fundi alipopanda tena huku akanieleza kwamba kioo kile huchora picha upya mara sitini kwa sekunde moja, na kwamba sitini ni kidogo, jicho linang'amua. Dawa ni kuongeza. Tukaweka themanini na tano. Kioo kikawa cheusi, kikaandika kwa Kiingereza kwamba tunachokitaka kiko nje ya uwezo wake. Niliiheshimu kwa hilo, maana ni wachache wanaokiri. Tukajaribu sabini na tano, ikakubali, lakini ikaanza kutoa mlio mwembamba kama wa mbu aliyeingia sikioni. Tukarudi sitini. Nikanunua dawa za kichwa kwa jumla.

Ilikuwa pia na tabia ya kusinyaa. Jioni watu wakirudi majumbani, taa zikiwaka na pasi zikichomekwa, umeme unapungua nguvu, na picha kwenye kioo changu inajikunyata pande zote mbili. Sikuhitaji saa. Nikiona maandishi yamebanana najua mji mzima uko nyumbani, nami nafunga.

Sasa, kasoro yenyewe ilikuwa kwingine kabisa. Monita za namna ile huchanganya rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kila moja ina chanzo chake ndani ya chogo. Kwenye yangu, nyekundu ilikuwa imechoka. Haikuchoka siku moja. Ilififia polepole, mwaka baada ya mwaka, na macho yangu yakaifuata polepole vilevile, mazoea yana taabu. Nikimpiga mteja picha na kumfungua kwenye kioo, namwona ana ukijani kidogo, kama mtu aliyeamka na malaria. Basi namwonea huruma. Namwongezea nyekundu hadi anapata uhai. Kisha natoa picha, na kwenye karatasi yule mteja anatoka ameiva kama tofali.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilimlaumu muuza wino.

Wala sikupata nafasi ya kujiuliza, kwa sababu wateja walizipenda. Kila aliyekaa kwenye kile kiti changu alitoka na rangi ya maji ya kunde, mashavu yamejaa, kama mtu aliyekula nyama mchana na anayetarajia kula tena jioni. Watu waliacha wapiga picha wa kwao Soni wakapanda hadi kwangu. Walikuja hata kutoka Rangwi, wamevaa suti, wakisema wamesikia kuna dada Lushoto mwenye mkono. Kuna fomu moja ilirudishwa na ofisi fulani kwa maelezo kwamba mtu wa kwenye picha hafanani na aliyeileta. Nikasema ofisi ile haina watu wenye macho. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilitia nyekundu.

Katika kipindi hichohicho cha umaarufu wangu, baba alifariki.

Baba hakuwa mtu wa picha. Alikuwa mkulima wa karoti na kabichi, na alipoona kamera alikumbuka kazi shambani. Aliacha picha moja tu ya maana, ya rangi, ya ukubwa wa kiganja. Amesimama mbele ya nyumba, mikono imebana ubavuni kama anaimba wimbo wa taifa, amevaa sweta aliyofumiwa na mama. Picha hiyo ilikaa kwenye fremu miaka mingi. Na sisi tunaoishi huku tunajua ukungu wa mlimani hauombi ruhusa: unaingia kabatini, unaingia kwenye chumvi, unaingia kwenye fremu. Picha ilikuwa imegandamana na kioo chake kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango.

Mama aliomba kitu kimoja, nimtolee picha kubwa ya mumewe aiweke sebuleni. Nikaichukua ofisini. Nikaiskani na kioo chake. Ilipotokea kwenye monita, baba alikuwa na ule ukijani wa wagonjwa wangu wote, nikamfanyia kama ninavyowafanyia wengine. Nilikaa naye siku nzima. Niliongeza nyekundu kidogo, nikatazama, nikaongeza tena, hadi nikamwona baba yangu kabisa, weusi wake, sweta yake, kila kitu. Nililia hapo kaunta, mteja akaja kutoa kopi nikamwambia mashine mbovu. Kisha nikasevu juu ya ileile niliyoiskani, kwa sababu sikuona faida ya kutunza baba mgonjwa wakati ninaye mzima.

Baada ya hapo nikaona vema nimrudishie mama ile picha ndogo ikiwa safi, imetoka kwenye kioo. Nikailoweka kwenye beseni la maji ya moto. Maji ya moto hayachomi nyumba, ndivyo wanavyosema. Kuhusu picha hawakusema lolote. Karatasi ilitoka vizuri, nyeupe, na uso wa baba ukabaki kwenye kioo vipandevipande, halafu ukateleza ndani ya beseni.

Picha kubwa ilipotoka kwenye printa ilikuwa nyekundu zaidi ya ile ya kwenye monita. Niliona. Nikalaumu wino, nikaitia kwenye fremu ya dhahabu, nikaipeleka. Mama aliigusa kwa vidole, akaniombea dua ndefu. Wakati huo alikuwa akiona kila kitu kama anayechungulia kupitia glasi ya chai.

Miezi michache baadaye nikapata monita mpya, bapa, nyepesi kama sinia. Ya zamani nikaipeleka Soni kwa mzee mmoja mwenye duka la pembejeo, tukabadilishana kwa mbegu za karoti za mama. Siku ya kwanza nilipoiwasha ile bapa nilifungua mafaili yangu, na wateja wangu wote wa miaka yote walikuwa wananitazama wakiwa wamechubuka. Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuwa na mkono wala jicho. Nilikuwa na monita mbovu.

Nilijaribu kuwa mkweli. Kwa wiki mbili nilitoa picha za watu kama walivyo, na kila aliyepokea yake aliniuliza nina ugomvi gani naye. Basi nikarudi kuongeza nyekundu, safari hii kwa makusudi. Nilihama kutoka kwenye kosa nikaingia kwenye biashara.

Baba naye nilimfungua. Nikamwona jinsi alivyo pale ukutani kwa mama, na nikajua kwamba siye. Nikajaribu kumrudisha. Nilipunguza nyekundu, akaja mtu mwingine. Nikapunguza tena, akaja mwingine, ndugu yake labda. Nilifumba macho nimkumbuke, na aliyekuja kichwani alikuwa yule mwekundu wa kwenye fremu, kwa sababu ndiye niliyekuwa nikimwona kila Jumapili nikienda kumtazama mama. Niliogopa sana siku ile. Nilifunga faili bila kusevu. Nikajiambia mama ameridhika, ya nini kumsumbua. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi niliona nimefika mbali, maradhi yenyewe yalikuwa yananisaidia kuyaficha.

Halafu wakaja madaktari wa macho, mama akapangwa, akatolewa ukungu jicho moja, kisha la pili. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Mimi ndiye niliyemsisitiza aende.

Mama huzungumza nami kwa Kishambaa; hapa ninayaandika maneno yake kwa Kiswahili, nayo yanapoa kidogo. Alipouliza kuhusu mwanaume mwekundu nilimwambia ni baba. Akasimama, akaisogelea fremu hadi pua ikakaribia kioo.

"Baba yenu alikuwa mweusi tii," alisema. "Ndivyo nilivyompenda. Na sweta nilimfumia ya kijani. Huyu amevaa matope."

Nikamweleza yote. Nilianza na monita, nikapita kwenye beseni, nikamalizia na zile siku nilizojua nikanyamaza. Alisikiliza bila kunikatiza, na mama yangu akikusikiliza bila kukukatiza ujue umekosa sana. Nilipomaliza akasema kwamba kwa hiyo miaka yote hiyo, kila asubuhi, alikuwa anamsalimia mtu baki. Nikasema ndiyo mama. Akauliza, na wewe ulijua. Nikasema nilijua.

Akakaa. Nguo za baba tulizigawa baada ya msiba kama ilivyo ada, sweta ikaenda kwa ndugu wa mbali, haukubaki hata uzi wa kulinganishia. Mama aliniambia hana haja ya kunisamehe wala kutonisamehe. Anataka kumwona mumewe mara moja kwa macho haya mapya kabla nayo hayajazeeka. Nikamwambia siwezi, nimesahau, kila ninachotengeneza ni kubahatisha. Ndipo aliponiuliza swali ambalo mimi, mtaalamu, sikuwahi kujiuliza.

"Kwenye hiyo kompyuta yako ya zamani, alionekana sawasawa?"

Nikasema ndiyo, ndivyo ilivyonidanganya.

"Basi kaichukue."

Ilikuwa kweli. Faili lilikuwa lilelile. Nilikuwa nimemtengeneza baba ili aonekane sawa kwenye kioo kimoja kibovu, na kioo hicho pekee ndicho kilichokuwa bado kinamjua. Kama hakijatupwa. Kama hakijaendelea kuchoka.

Nikateremka Soni kesho yake. Yule mzee wa pembejeo alikuwa ameiweka monita juu ya kaunta, katikati ya mbegu na mabomba ya kunyunyizia dawa, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kilichokunjuliwa nusu ili kioo kionekane. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamuuliza kama bado inawaka. Akanitazama kwa mshangao. Hajawahi kuiwasha. Hakuwa na kompyuta, na waya wa umeme alishaukata akautumia kwenye redio. Kazi ya monita ilikuwa nyingine: mkulima akiomba apunguziwe bei, mzee anainama, anakitazama kile kioo cheusi kwa makini, anatikisa kichwa na kusema kompyuta imekataa. Wakulima wanaelewa. Na mtu utabishana vipi na kompyuta?

Nilifurahi karibu nimkumbatie. Monita isiyowashwa haichoki. Nyekundu yake ilikuwa palepale nilipoiacha.

Yeye hakufurahi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Alisema akiitoa pale hata kwa saa moja wakulima watamla hai. Nilimweleza habari za mama, za macho, za beseni, na nilipofika kwenye sweta akaanza kukunja kile kitambaa. Akanipa siku moja, isiyo ya gulio, na sharti kwamba nimrudishie kabla ya asubuhi ya pili. Akaniomba pia, kama inawezekana, nisimwambie mtu kwamba haikuwa imeunganishwa na kitu. Mtu anayeniomba mimi nimtunzie siri ya monita hajui anazungumza na nani.

Ilipanda Lushoto kwenye bodaboda, imeviringishwa blanketi, imefungwa kwa mipira, mimi nimepakata chogo lake kama mtoto. Ofisini nikatafuta waya mwingine, nikaiunganisha, nikaiwasha. Ilichukua muda, ikapasha moto, ikaanza kupepesa kama zamani, kichwa kikaanza kuniuma kwa ukumbusho. Nikafungua faili.

Sitasema nilichohisi isipokuwa kwamba nilivuta kiti nikakaa.

Nilitaka kujirahisishia, nikatoa simu niipige picha ile monita, nimpelekee mama simu tu. Simu ikaona mambo yake. Mistari mipana myeusi ikawa inashuka usoni kwa baba mmoja baada ya mwingine, na katikati ya mistari alikuwa na rangi ya tatu ambayo hata mimi sikuwahi kuibuni. Ningeweza pia kuweka monita mbili pamoja na kulinganisha mwenyewe, lakini jicho langu nilikwisha kuliachisha kazi. Mwenye jicho alikuwa mama, kule mlimani.

Asubuhi nikapandisha vyote: monita, kasha la kompyuta, na laptopu yangu. Nilifika saa nne, makusudi, kabla umeme haujaanza kugombaniwa. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio, na mama tangu apate macho alikuwa hafungi dirisha, anasema kulipia macho halafu ukafunga dirisha ni kufuru. Nikapanga mitambo juu ya meza ya chakula. Nikamgeuzia kioo.

Picha ilitokea imesinyaa kidogo pembeni, inapepesa. Mama aliitazama akiwa amesimama, kisha akavuta kiti na kukaa mbele yake, karibu kabisa, akatengeneza kilemba. Hakulia. Alisema, "Ndiye," kama mtu anayetambua mzigo wake stendi.

Kisha tukafanya kazi. Niliweka laptopu ubavuni kwa monita, baba wawili pamoja, mmoja mweusi mmoja mwekundu, na nikaanza kupunguza nyekundu kwenye laptopu kidogokidogo huku mama akiwa hakimu. Anatazama huku, anatazama kule, anasema bado. Napunguza. Bado. Napunguza tena. Kuna mahali mimi niliona tumefika kabisa, akaniambia nitulie, uso umefika lakini sweta haijafika. Nikaongeza kijani. Akasema ngoja. Akasema rudi kidogo. Akasema hapo, usiguse.

Nikasevu kwa jina jipya. Nikahesabu mafaili mara mbili kuhakikisha yapo mawili. Nikanyoosha mkono kuizima ile monita, maana nilikuwa nimeahidi kuirudisha, na pia kichwa kilikuwa kinapasuka. Mama akaushika mkono wangu akauweka chini.

Alikuwa bado anakitazama kile kioo cha zamani. Laptopu yangu nzuri, iliyotulia, yenye baba yuleyule na rangi zilezile alizozichagua mwenyewe, hakuigeukia tena. Aliinamisha kichwa, akasogea.

"Mbona anatetemeka?"

Jibu nilikuwa nalo, na ndilo jibu pekee ninalolijua vizuri katika kazi yangu. Ni zile mara sitini kwa sekunde, ni kidogo, jicho linang'amua, ukiongeza kioo kinakataa. Nikafungua mdomo nimweleze, lakini hakuwa ameniuliza mimi.

"Na sweta nimekufumia mwenyewe," alimwambia, "nyuzi mbili mbili." Kisha, bila kugeuka, akaniambia nifunge dirisha.

Nikainuka, nikalifunga.